Sofa Moja, Wafanyakazi Watatu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeokoka. Naandika haya kabla mke wangu hajarudi kutoka shuleni anakofundisha, ili siku moja watu wakiuliza akili hii ilianzia wapi, jibu liwepo.

Hali ni ngumu, hilo halina ubishi. Tangu uchumi uanguke hakuna anayenunua sofa. Watu wanakalia walichonacho. Karakana yangu ina sofa moja tu, la zambarau lenye maua makubwa. Mteja aliliagiza, akalisifu kwenye picha, akapotea, na simu akazima. Na nina fundi mmoja tu, Kimya. Jina hilo kapewa na mtaa, kwa sababu kutwa nzima ana misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuigongea kwenye fremu. Mtu mwenye misumari mdomoni hapigi soga. Anaimba puani tu, wimbo ule ule. Alifundishwa kazi na marehemu baba. Mimi pia nilifundishwa na marehemu baba. Tofauti ni kwamba yeye alielewa.

Mwezi uliopita nilimlipa mshahara kwa kuuza pikipiki yangu. Kimya nikamwambia kuna mteja wa zamani kakumbuka kulipa. Mke wangu nikamwambia pikipiki iko gereji. Wote wawili wakaniamini. Sasa mwezi huu sina pikipiki ya pili, na Milango keshamnong'oneza Kimya kwamba kwake kuna nafasi. Milango ni jirani wa ng'ambo ya barabara, anatengeneza milango na kujisifu. Kimya hakumjibu, ana misumari. Lakini hakukataa! Kimya akiondoka, nafunga karakana. Na hata nisipofunga, nani ataimba puani?

Haya, sasa redio. Leo imetangaza kwamba serikali itasaidia kulipa mishahara! Mwajiri asiyemfukuza mtu, sehemu kubwa ya mshahara italipwa na serikali mpaka hali itengemae. Nikaruka. Mtangazaji akaendelea: kampuni zenye wafanyakazi kuanzia watatu... Nikazima redio. Mtu mwenye akili anasikia nusu, nusu ya pili anaimalizia mwenyewe.

Watatu. Ninaye mmoja. Bado wawili. Jambo dogo kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Mfanyakazi wa pili nimempata bila jasho. Shemeji, mdogo wake mke wangu, amelala sebuleni kwetu tangu mwaka jana akisubiri mipango yake ikae sawa. Nikamwambia sasa ni mpakiaji wa sponji. Akauliza kama kazi yenyewe ina kusimama. Nikamwambia ni kidogo tu. Akasema atafikiria, akageukia ukutani. Nimehesabu kwamba amekubali.

Wa tatu alinitoa jasho. Nilikwenda kwa Mama Mkwe na mfuko wa sukari na sabuni ya kufulia, nikakaa kwenye kigoda, macho chini, kama siku ile nilipoenda kumposa binti yake. Nikamweleza kwa mzunguko. Nikazunguka tena. Akanikata kauli. Akasema mwanangu, unataka nidanganye serikali? Nikasema hapana mama, nataka uonekane. Akafikiri. Akasema yeye alishona nguo za shule za mtaa mzima kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kukaa mbele ya cherehani kama pambo. Akija, anakuja kufanya kazi. Nikasema sawa mama, hata kazi ruksa. Sikujua nilikuwa nasema nini.

Kurudi, Milango akanisimamisha barabarani. Naye anajiandikisha. Akaanza kunieleza masharti, eti kuna tofauti kati ya kampuni na nani sijui. Nikamwambia najua yote. Akasema lakini ndugu yangu sikiliza. Nikamwambia nimeshasikiliza redioni. Anafikiri yeye peke yake ana masikio.

Jumatano, 5 Juni

Nimejiandikisha ofisini. Watatu, muhuri ukagongwa, pwaa! Yule wa dirishani akasema mkaguzi atakuja kuwaona wafanyakazi wakiwa kazini. Nikauliza siku gani. Akasema siku yoyote. Nikauliza lakini kwa kukadiria tu. Akanitazama mpaka nikaaga.

Siku yoyote! Maana yake kila siku wote watatu wawe kazini, na kazi iwepo ya kufanya. Na kazi ndiyo haipo. Nimekuna kichwa njia nzima. Nilipofika mlangoni, nikaliona sofa la zambarau, na akili ikafunguka.

Mpango ni huu. Asubuhi tunalifumua: kitambaa nje, sponji nje, fremu inabaki mifupa. Mchana tunaanza kulijenga. Jioni limekamilika. Kesho yake tunalifumua tena. Mkaguzi aje saa yoyote, atakuta karakana inachemka. Kimya nilipomwambia, aliacha kuimba. Halafu akashika koleo, akaanza kung'oa misumari yake mwenyewe.

Nilimwonea huruma kidogo. Lakini namfanyia yeye haya.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kwanza ya karakana kamili! Mama Mkwe kafika kabla sijafungua, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupakua mchanga. Akaniuliza mwajiri gani anachelewa. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, fungua mlango.

Mpaka saa nne alikuwa amefagia, amehamisha cherehani dirishani penye mwanga, amemwaga gundi yangu iliyokauka, na ameuliza choo kiko wapi na kwa nini kiko vile. Saa nne kamili akasema ni mapumziko ya chai. Nikasema mama, hapa hatuna mapumziko ya chai. Akasema kuanzia leo tunayo, na mwenye karakana ndiye anayechemsha. Nimechemsha.

Shemeji alifika baada ya chai. Nikampa sponji apakie. Nikageuka kumpigia kelele Milango kuhusu vumbi la msumeno wake, na niliporudi nikakuta sponji imepakiwa kwenye sofa na Shemeji juu yake, anakoroma.

Jioni Kimya na Mama Mkwe walimaliza sofa. Mama Mkwe akalizunguka, akaminya mto, akasema mshono wa mgongoni umekwenda upande. Kimya akatikisa kichwa kukubali. Wakatazamana kama watu waliokutana baada ya kutafutana sana. Hawa wawili wakipatana nimekwisha.

Ijumaa, 7 Juni

Wamepatana. Nimekwisha.

Mama Mkwe ameamua kwamba kama sofa linafumuliwa kila siku, basi kila siku lirudi zuri zaidi. Leo amebadilisha mikono ya sofa. Kimya ameongeza mkanda wa mpira chini ya sponji, ule nilioficha nyuma ya kabati kwa ajili ya siku njema. Nikalalamika. Mama Mkwe akauliza siku njema ni tarehe ngapi.

Mkaguzi hajaja. Nimeshinda mlangoni nikichungulia barabara. Kila mwenye mkoba nilimsalimia kwa heshima zote. Mmoja alikuwa anauza dawa ya panya, nikanunua kwa woga.

Mke wangu ameuliza gereji gani inakaa na pikipiki mwezi mzima. Nikasema wanasubiri kifaa. Akauliza kifaa gani. Nikasema kile cha katikati.

Jumamosi, 8 Juni

Pigo! Milango alivuka barabara waziwazi, mchana kweupe, akamwambia Kimya kwamba jibu analihitaji wiki ijayo, maana na yeye anapanga watu wake. Alisema kwa adabu, mbele yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kimya akaonyesha misumari mdomoni, Milango akasema hamna neno, hata Jumatano.

Mchana mzima sikula. Nilimwangalia Kimya anavyovuta kitambaa kwa viganja viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Alikuwa hapa mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza nami nikaishiwa nguvu, yeye ndiye aliyekwenda kumwita nesi. Alikuwa hapa siku baba alipofariki, akamalizia kiti ambacho baba alikiacha nusu, bila kuulizwa. Nampenda yule mtu. Nimeandika, basi. Hakuna mtu atakayesoma.

Usaidizi wa serikali usipokuja kabla ya Jumatano, namwambia nini? Uongo wa mteja wa zamani umeshatumika.

Jumatatu, 10 Juni

Mgomo! Mama Mkwe ameleta madai. Kiti chenye mgongo. Dirisha lifunguke. Mshahara wake ujulikane ni kiasi gani na unalipwa lini. Nikamnong'oneza kwamba mama, wewe ni wa kuonekana tu. Akaniuliza kwa sauti, kitambaa nilichoshona juzi kilionekana tu au kilishonwa? Shemeji akaamka, akasema anaunga mkono, akalala tena.

Nimeahidi kiti. Kukipata ni shughuli, hii ni karakana ya viti na hatuna kiti.

Mchana Shemeji akapoteza simu. Tumetafuta kila mahali, mpaka kwenye sufuria ya chai. Alisema aliiweka pembeni kidogo wakati anapakia sponji. Nikamwambia ajifunze kuwa makini na vitu. Yeye hana hili wala lile, akasema itajitokeza yenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mama Mkwe aligoma kufumua. Alisema sofa sasa limefika, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeharibu kitu kilichofika. Kimya akasimama upande wake. Mimi nikatoka nje kwa hasira, nikasimama kona ya barabara nikipanga la kufanya. Ndipo nikamwona. Mwanamke, mkoba mweusi, viatu vya kutembelea mbali, anatoka kwa Milango! Milango anamuaga mikono miwili! Na mle ndani kwangu hakuna anayefanya kazi!

Nikatoa simu. Kimya hana simu. Mama Mkwe simu yake huizima ili isiishe chaji. Nikampigia Shemeji (nimesahau simu yake imepotea, na jana hakuna hata aliyewaza kuipigia) awashtue, awaambie wafumue, wagonge, wafanye lolote. Inaita. Hapokei. Nikapiga tena. Inaita. Nikakimbia huku sikio limebana simu, bado napiga.

Nikaingia. Yule mwanamke keshafika, ndiye Afisa mkaguzi. Amekaa juu ya sofa la zambarau, mkoba magotini, anawasalimia. Na chini yake, tumboni mwa sofa, sauti ya Shemeji inapaza: "Usipokee! Ni shemeji! Anataka tufanye kazi! Usipokee! Ni shemeji! Anataka tufanye kazi!"

Mlio huo kajirekodia mwenyewe, maalumu kwa ajili yangu. Simu iko ndani ya sponji. Kimya ameishonea mle.

Nilitaka ardhi ipasuke. Afisa akanyanyuka, akalitazama sofa, akanitazama mimi na simu yangu sikioni. Nikaikata. Sofa likanyamaza. Afisa akauliza taratibu, shemeji ni nani. Wote walinitazama.

Nikaanza kueleza. Nilisema hiyo ni teknolojia mpya ya sofa. Mama Mkwe akasema mwanangu, kaa. Nikakaa. Akamwambia Afisa yote, bila kupindisha. Kwamba yeye ni mama wa mke wangu, yule aliyelala ni mwanawe, wameletwa hapa ili waonekane wengi. Ila mishono yote, kuanzia huu mpaka ule, ni yake na ya huyu fundi, na anayebisha aminye mto. Afisa akaminya mto. Uso ulinishuka mpaka kifuani.

Afisa akasema jambo hili si dogo. Akafungua mkoba. Nikajua ndiyo basi, nimefutwa, na Kimya keshavuka barabara.

Ndipo Kimya akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Akatoa misumari mdomoni. Mmoja mmoja. Akaipanga kwenye mkono wa sofa. Akasafisha koo. Akamwambia Afisa kwamba bosi wake ni muongo, hilo ni kweli, ana uongo wa asubuhi na wa jioni. Lakini mwezi uliopita alimpa mshahara wote, akasema kuna mteja kalipa. Mteja hakuna. Wiki ile ile Kimya aliiona pikipiki ya bosi barabarani, inaendeshwa na mtu mwingine. Afisa akauliza, aliitambuaje? Kwa kiti chake. Kiti kile alikishona yeye, kwa mabaki ya kitambaa hiki hiki cha zambarau, na maua yake ni haya haya. Akasema Milango kampa nafasi nzuri. Akasema anamshukuru Milango. Lakini mtu akiuza pikipiki yake kwa ajili yako na kukuficha, huwezi kuvuka barabara ukamwacha na cherehani asiyoijua.

Akarudisha misumari mdomoni.

Sikuona vizuri baada ya hapo. Vumbi la msumeno wa Milango ni baya sana.

Afisa akaniuliza kwa nini niliwaza kuandikisha watu watatu. Nikasema redio ilisema watatu. Akasema watatu ni wa kampuni. Karakana ndogo kama hii, hata fundi mmoja anatosha, na mtangazaji alilisema hilo katika sentensi iliyofuata. Akauliza, hukusikia sentensi iliyofuata?

Lo! Hata Shemeji aliamka kusikia jibu langu.

Mwisho wa yote: Mama Mkwe na Shemeji wamefutwa, nimepewa onyo kali, na mkaguzi mwingine atarudi bila taarifa. Kimya amekubaliwa. Pesa itakwenda moja kwa moja kwa Kimya, haipitii kwangu. Nikauliza haipitii hata kidogo? Afisa akafunga mkoba.

Jumatano, 12 Juni

Kimya amevuka barabara asubuhi. Nilimchungulia kupitia tundu la ufunguo. Akampa Milango mkono, akarudi, akakaa, akaanza kuimba puani. Nikaenda nyuma kuchemsha chai, nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Milango alipita baadaye. Akasema alijaribu kunieleza masharti siku ile. Nikamwambia sikumbuki.

Mama Mkwe amekuja kazini kama kawaida. Nikamwambia mama, umefutwa na serikali. Akasema serikali haikumwajiri, mimi ndiye niliyekuja kwake na sukari. Anataka malipo ya siku zote alizoshona. Nikamwonyesha mifuko yangu, ndani nje. Akasema hataki pesa.

Akataka sofa.

Shemeji akabeba upande mmoja, ndiyo kazi yake ya kwanza. Simu yake bado imo ndani. Mama Mkwe kakataa kabisa mto uguswe. Anasema kama kuna shida tupige, yeye atasikia.

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu anajua. Kasimuliwa na mama yake, kwa vipande vyote, pamoja na kile kifaa cha katikati. Nilijiandaa. Nilikuwa na maelezo matatu. Hakutaka hata moja. Alinitazama sana, akasema mimi ni mjinga wake, na mwingine hamtaki. Leo tumetembea kwa miguu mpaka sokoni, kanishika mkono njia nzima. Sijui nilichelewa nini kuiuza pikipiki ile. Ningeiuza zamani.

Karakana haina sofa hata moja. Kimya anatengeneza kiti chenye mgongo. Sijamuuliza ni cha nani.

Jumapili, 16 Juni

Nimetulia. Nimejifunza mengi wiki hizi mbili. Kwanza, kuwasikiliza watu. Pili, kutofanya haraka. Nilikuwa namweleza Kimya hayo alipokuja kuchukua nyundo yake, na redio ilikuwa inanguruma pembeni.

Mtangazaji akasema serikali sasa itawapa mashine mpya wenye karakana watakaopokea wanafunzi wa ufundi, kuanzia wanafunzi wawili...

Kimya akainua kidole, akaonyesha redio. Akatoa hata msumari mmoja mdomoni, akasema bosi, tusikilize mpaka mwisho.

Nikazima. Mashine mpya! Wawili! Shemeji yupo pale pale sebuleni, hajahama. Bado mmoja. Kesho alfajiri nakwenda na mfuko wa sukari, safari hii mkubwa. Swali limebaki moja tu: Mama Mkwe atakubali kuvaa sare?